Anza na Mkia: Jinsi ya Kufungua Maneno ya Mseto ya Kiingereza

Kijana mmoja niliyekuwa nikifanya naye kazi ya tafsiri aliniletea ukurasa, karatasi bado ina joto la printa. Ilikuwa makala kuhusu televisheni za Marekani, na katikati yake neno "infomercial" lilikuwa limegeuka "habari za kibiashara".

"Kaka, hili nimelikata vizuri," aliniambia. "Info ni habari, commercial ni biashara."

Alikuwa amelikata sawasawa. Ila msomaji wa Kiswahili angetoka pale akidhani anasimuliwa kipindi cha habari za masoko na bei za mazao, kumbe kinachozungumzwa ni tangazo. Tangazo refu, la nusu saa wakati mwingine, la kuuza vikaango na mashine za kupunguza tumbo, lililovishwa kanzu ya kipindi cha maelezo ili mtazamaji asishtuke kwamba anauziwa kitu. Matangazo ya aina hiyo yalishamiri Marekani baada ya mwaka 1984, pale mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ilipoondoa ukomo wa muda wa matangazo kwenye televisheni. Mtu anayeambiwa "habari za kibiashara" anafichwa jambo ambalo neno lenyewe linalisema waziwazi kwenye silabi zake za mwisho.

Tuliketi tukalifungua upya, safari hii tukianzia nyuma. "Commercial", likisimama kama nomino, ni tangazo la biashara. Basi kitu chenyewe ni tangazo. "Info" ni nguo iliyovaa. Mwongozo huu umetokana na meza ile. Nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi, mwandishi wa habari, mfasiri, na yeyote anayesoma Kiingereza kila siku na kukutana na maneno ambayo kamusi yake ya shuleni haikuwahi kuyasikia.

Jina la kitu chenyewe

Wanaisimu wetu wanaita njia hii ya kuunda maneno uhulutishaji. Hapa nitasema maneno ya mseto, kwa sababu mseto wa mchele na choroko umepikwa katika nyumba nyingi: vitu viwili, chungu kimoja, na kila kijiko kina vyote viwili.

Waingereza huliita neno la namna hii "portmanteau", na jina hilo lina historia inayojulikana. Mwaka 1871 Lewis Carroll alitoa kitabu cha pili cha safari za Alice, Through the Looking-Glass. Humo Alice anakutana na shairi lenye maneno ya ajabu, na Humpty Dumpty, yule kiumbe mwenye umbo la yai anayekaa juu ya ukuta, anamfafanulia kwamba "slithy" ni "lithe" na "slimy" yaliyofungashwa pamoja: wepesi wa viungo na utelezi. Analifananisha na portmanteau, sanduku la ngozi la wasafiri wa zama zile lililofunguka katikati kama kitabu, nguo upande huu na nguo upande ule. Jina la sanduku lilitoka Ufaransa, likiunganisha kitendo cha kubeba na joho linalobebwa. Wafaransa wa leo, wakitaka kulitaja neno la mseto, husema "mot-valise", neno-sanduku, kwa kuwa "portemanteau" kwao ni kitu cha kutundikia makoti.

Kati ya maneno aliyoyaunda Carroll, lililopata bahati kubwa ni "chortle": "chuckle" na "snort" kwa pamoja, kicheko cha furaha ambacho pua nayo inakishiriki. Waingereza wengi wanalitumia leo bila kujua kwamba lilizaliwa katika shairi la watoto.

Hatua ya kwanza: Uliza kama kuna kilichokatwa

Neno la mseto huwa na jeraha. "Toothbrush" halina, jino limo zima na brashi imo nzima, kwa hiyo hilo ni neno ambatano, ndugu wa "mwanasheria" na "batamzinga" wetu. "NATO" ni herufi za mwanzo za maneno manne. Hiyo ni akronimu, kama TANU. "Lab" ni "laboratory" lililofupishwa peke yake bila mwenzake. Mseto unataka maneno mawili au zaidi, angalau moja liwe limepoteza kipande, na kilichobaki kitamkwe kama neno moja.

"Smog" ni mfano safi: "smoke" limepoteza mkia, "fog" limepoteza kichwa. Wakati mwingine jeraha huwa kubwa kiasi kwamba karibu hakibaki kitu. "Bit", kile kipimo kidogo kabisa cha taarifa katika kompyuta, ni "binary digit". Neno la kwanza limeachiwa herufi moja tu, b. John Tukey ndiye aliyelipendekeza, na Claude Shannon akalitia katika makala yake maarufu ya mwaka 1948 kuhusu nadharia ya mawasiliano. Ilisaidia pia kwamba "bit" tayari lilikuwa neno la Kiingereza lenye maana ya kipande kidogo.

Hatua ya pili: Shika mkia

Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili anapoteleza, na sababu iko ndani ya lugha yetu wenyewe. Kwetu kitu hutangulia na sifa hufuata: semina ya walimu, kambi ya jeshi, likizo ya uzazi. Tukisikia neno jipya, sikio linaegemea mwanzo. Kiingereza hufanya kinyume. Sifa hutangulia, na kitu chenyewe hukaa mwisho. Kwa hiyo neno la mseto la Kiingereza, mara nyingi, lina bwana wake mkiani.

Funika nusu ya kwanza ya neno kwa kidole. Tazama kilichobaki ujiulize: huu ni mkia wa neno gani zima? "Webinar" linabaki na "-inar", nayo inakupeleka kwenye "seminar": hiyo ni semina, inayofanyika kwenye wavuti. "Glamping" linabaki na "-amping", mkia wa "camping": ni kukaa kambini, ila hema lina kitanda cha mbao na shuka nyeupe, ndiyo maana "glamour" imekaa mbele. "Staycation" ni "vacation", likizo, ambayo mtu anakaa nyumbani au karibu na nyumbani. "Edutainment" ni burudani iliyobeba elimu. "Docudrama" ni tamthilia, na anayeitafsiri "makala ya maisha halisi" anampotosha mtazamaji, kwa sababu wanaoonekana pale ni waigizaji.

Litazame "mocktail" pia. Mkia ni wa "cocktail", kichwa ni "mock", yaani kuiga. Ni kinywaji cha kuchanganya kinachofanana na kokteli lakini hakina pombe. Mtu asiyekunywa pombe akisoma menyu ya hoteli ya kitalii anahitaji kulijua neno hili kabla ya kuagiza.

Ukishaupata mkia, fanya jaribio moja: je, hiki ni aina ya kile kilichotajwa mkiani? Webinar ni aina ya semina? Ndiyo. Motel ni aina ya hotel? Ndiyo. Basi bwana umemshika. Lakini jaribu "brunch". Je, ni aina ya "lunch"? Nusu tu, nusu nyingine ni "breakfast". "Smog" ni ukungu? Nusu. "Spork", kile kijiko chenye meno ya uma, ni uma? Nusu. Hapa hakuna bwana, ni washirika wawili wenye hisa sawa, na tafsiri yako lazima iwabebe wote.

Kwa wanyama chotara washirika hao wana mpangilio wenye maana. "Liger" ni mtoto wa simba dume na chui milia jike. "Tigon" ni mtoto wa chui milia dume na simba jike. Jina la baba hutangulia, na anayegeuza mpangilio anakuwa ametaja mnyama mwingine kabisa, mwenye umbo na ukubwa tofauti.

Lipo na kundi dogo lisilo na mkia kabisa, ambalo limeunganisha vichwa viwili. "Modem" ni "modulator" na "demodulator", kila moja imetoa silabi yake ya kwanza au karibu yake. "Sitcom" ni "situation comedy". Njia hii ndiyo Kiswahili kinayoipenda: "chajio" ni chakula cha jioni, "cha" ya mwanzo na "jio" ya mwanzo. Na jina kubwa kuliko yote lililoundwa hivyo ni la nchi. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na kuanzia tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo jamhuri ikaitwa Tanzania: Tan, Zan, na kimalizio -ia kinachofunga majina mengi ya nchi. Kila upande ulitoa kichwa chake.

Hatua ya tatu: Tafuta mshono, kisha sikiliza mapigo

Chukua karatasi, uandike maneno mawili moja juu ya jingine. Andika "motor", chini yake "hotel". Sasa tazama katikati: la kwanza lina o na t baada ya herufi ya mwanzo, la pili nalo lina o na t mahali hapohapo. Ukiyalaza moja juu ya jingine, herufi hizo mbili zinakutana kama vitenge viwili ambavyo fundi amevipanga hadi ua la huku limeungana na ua la kule. Mshono hauonekani. Ndiyo sababu "motel" lilikubalika haraka, na ndiyo sababu huwezi kusema kwa hakika neno la kwanza limeishia wapi. "Guesstimate", makadirio ya kubahatisha, lina mshono wa namna hiyo: sauti ya "es" iko mwisho wa "guess" na mwanzo wa "estimate". "Brunch" halina bahati hiyo. "Br" imebandikwa tu mbele ya "unch", lakini kwa kuwa ni fupi halikwaruzi sikio.

Mapigo ni jambo la matamshi, na linatuhusu sana sisi tuliozoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno la mseto la Kiingereza kwa kawaida hurithi idadi ya silabi na mahali pa mkazo kutoka kwa neno la pili. "Brunch" lina silabi moja kama "lunch". "Staycation" lina tatu kama "vacation", na mkazo uko palepale katikati. "Breathalyzer", kipimo cha ulevi cha barabarani alichokibuni Robert Borkenstein huko Indiana mwaka 1954, lina silabi nne kama "analyzer", na mkazo uko mwanzo. Wengi wetu husema "webinar" kwa kukaza katikati, kwa desturi ya Kiswahili. Likumbuke neno mama, "seminar", ambalo hukazwa mwanzo, na "webinar" litajinyoosha lenyewe.

Hatua ya nne: Usiliamini jicho

Mtu akishajifunza kukata maneno huanza kuona mishono hata mahali pasipo na mshono. Nimeona watu makini wakinaswa na maneno manne haya.

"Outrage" linaonekana kama "out" na "rage", hasira iliyotoka nje. Sivyo. Limetoka katika Kifaransa cha kale, na mzizi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya kupita mpaka, likafungwa kwa kimalizio "-age". Hasira haikuwemo, ilikuja baadaye, pengine kwa sababu Waingereza nao walikuwa wakiona "rage" ndani yake.

"Emoji" linaonekana kama ndugu wa "emotion". Ni la Kijapani: "e" ni picha, "moji" ni herufi. Kufanana kwake na neno la hisia ni bahati tu. Lenye hisia kweli ni "emoticon", lile la kuchora uso kwa nukta na mabano, ambalo ni "emotion" na "icon".

"Hamburger" halina "ham" ndani yake, na Mwislamu anayesita kwa sababu ya jina anaweza kutulia, ingawa kuhusu nyama yenyewe inabidi aulize jikoni. Ni mji wa Hamburg, Ujerumani, na kimalizio "-er" cha mtu au kitu cha mahali.

Na "helicopter", hii helikopta ambayo wakati wa kampeni tunaiita chopa. Kila mmoja angeikata "heli" na "copter". Waliolibuni, Ufaransa, miaka ya 1860, waliliunda kwa Kigiriki: "helix", mzunguko wa parafujo, na "pteron", bawa. Mkato halali uko baada ya o. Lakini Waingereza wakalikata walivyosikia, wakapata "heliport", uwanja wa helikopta. Kosa la kukata limezaa neno halali kabisa, na jambo hilo tutalirudia katika hatua ya sita.

Hatua ya tano: Tafuta cheti cha kuzaliwa

Kamusi kubwa za Kiingereza, kama Oxford na Merriam-Webster, huweka asili ya neno mwisho au mwanzo wa maelezo yake, pamoja na mwaka lilipoonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi. Wasomaji wengi huruka sehemu hiyo. Usiiruke. Maneno mengi yana wazazi ila hayana tarehe. Maneno ya mseto, kwa kuwa mtu aliketi akayaunda, mara nyingi yana tarehe, mahali na sababu.

Lichukue "gerrymander", ambalo magazeti ya kisiasa hayawezi kuishi bila hilo. Mwaka 1812 Elbridge Gerry alikuwa gavana wa Massachusetts. Alitia saini sheria iliyochora upya majimbo ya uchaguzi wa seneti ya jimbo hilo kwa namna iliyokisaidia chama chake. Jimbo moja katika kaunti ya Essex lilipinda na kurefuka kiasi kwamba, likitazamwa kwenye ramani, lilikuwa na shingo na mgongo. Tarehe 26 Machi mwaka huo gazeti la Boston Gazette lilichapa ramani hiyo ikiwa imeongezewa mabawa, kucha na kichwa, ikafananishwa na salamanda, mnyama mdogo anayefanana na mjusi. Gerry na "salamander": gerrymander. Hadi leo, kukata mipaka ya majimbo kwa upendeleo kunaitwa hivyo popote Kiingereza kinaposomwa. Gavana mwenyewe alitamka jina lake kwa g ya "gari". Neno lake sasa hutamkwa kwa j ya "jembe". Gerry alikuwa miongoni mwa waliosaini Tangazo la Uhuru wa Marekani, na alifariki mwaka 1814 akiwa makamu wa rais. Watu wengi wanaomtaja kila uchaguzi hawajui hata moja kati ya hayo.

"Brunch" lina cheti kizuri pia. Mwaka 1895 Guy Beringer aliandika katika jarida la Uingereza, Hunter's Weekly, akitetea mlo mmoja wa Jumapili utakaoliwa kuelekea adhuhuri, uanze na chai na vitu vya asubuhi, kisha uingie kwenye chakula kizito. Aliwafikiria watu waliokesha Jumamosi. Kujua hivyo kunakusaidia kuelewa kwa nini hadi leo neno hili lina harufu ya mapumziko na wikendi. Mkulima aliyechelewa kunywa chai shambani akala mchana moja kwa moja hajala brunch.

"Motel" lilizaliwa California. Mwaka 1925, mjini San Luis Obispo, kati ya Los Angeles na San Francisco, Arthur Heineman alifungua Milestone Mo-Tel kwa ajili ya wasafiri wa magari waliohitaji kulala njiani na kuegesha gari karibu na mlango. Tazama kile kistari katikati ya jina: mshono bado ulikuwa mbichi. "Stagflation" lilisemwa na mwanasiasa wa Uingereza Iain Macleod bungeni mwezi Novemba 1965, akieleza uchumi uliodumaa, "stagnation", huku bei zikipanda, "inflation".

Na wazazi si lazima wawe Waingereza. "Velcro", ule ukanda unaonata kwenye viatu vya watoto, ni jina la biashara lililotokana na Kifaransa: "velours", mahameli, na "crochet", kulabu. Mbunifu wake, George de Mestral, alikuwa Mswisi. Ukichunguza ukanda huo kwa karibu utaona upande mmoja una vitanzi laini kama mahameli na upande wa pili una vikulabu. Kichwa cha "Wikipedia" kimetoka mbali zaidi: "wiki" ni neno la Kihawai lenye maana ya haraka.

Hatua ya sita: Angalia kama kipande kimeanza kujitegemea

Baadhi ya mikia hukatwa mara nyingi hadi inakuwa viambishi. "Hamburger" lilipokatwa vibaya lilizaa "burger", pamoja na "cheeseburger" na ndugu zake wote. "Alcoholic", mlevi wa kupindukia, kiasili ni "alcohol" na "-ic". Lakini Wayne Oates, mchungaji na mwanasaikolojia wa Marekani, alipochapisha mwaka 1971 kitabu kuhusu watu waliotawaliwa na kazi, neno lake lilikuwa "workaholic", na tangu hapo "-aholic" inamaanisha asiyeweza kuacha. Wasomaji wa pwani watapenda kujua kwamba "alcohol" lenyewe ni Kiarabu, al-kuhl, ambao ni wanja wa macho. Kutoka wanja hadi mtu asiyeacha kazi, na kila mkato kwenye safari hiyo ulifanywa mahali tofauti na mkato uliotangulia.

Mkia ulio karibu nasi zaidi ni "-wood". Hollywood ni kitongoji cha Los Angeles. "Wood" ni msitu na haihusiani kabisa na filamu. Bombay ikatoa Bollywood, Nigeria ikapewa Nollywood. Nairobi, pale River Road ambako filamu za gharama nafuu zilitengenezwa na kuuzwa kwenye kanda na sidii, ikapata Riverwood. Kampala, mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alipiga filamu ya Who Killed Captain Alex? kwa fedha kidogo sana na vifaa vya kujitengenezea, na kazi zake zikajulikana duniani kwa jina la Wakaliwood. Ukikutana na jina jipya lenye mkia huo, usihangaike kutafuta msitu. Mkia sasa unasema "mahali filamu zinapotengenezwa", na kichwa kitakuambia ni wapi.

Vilevile "-exit". Mwanzoni mwa 2012 wachumi waliunda "Grexit" wakizungumzia uwezekano wa Ugiriki kutoka kwenye sarafu ya yuro. Miezi michache baadaye Peter Wilding aliandika "Brexit". Kura ikapigwa tarehe 23 Juni 2016, Uingereza ikatoka kwenye Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020.

Hatua ya saba: Pima maana ya leo

Asili inakuambia neno lilikotoka. Lilipo sasa unalipima kwa matumizi.

"Smog" linahitaji uangalifu kuliko yote. Daktari Henry Antoine Des Voeux alilitangaza London mwaka 1905, katika mkutano wa afya, akieleza moshi wa makaa ya mawe uliochanganyika na ukungu wa jiji hilo. Maana yake ilikuwa ile ile ya sehemu zake mbili, na tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 ilionekana kwa uzito wake wote. London ilifunikwa kwa siku tano. Hesabu ya wakati ule ilitaja vifo kama 4,000, na watafiti wa baadaye wakaipandisha zaidi. Sheria ya hewa safi ikapitishwa mwaka 1956. Lakini Los Angeles nayo ilikuwa na "smog", chini ya jua kali, bila ukungu. Arie Haagen-Smit alionyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwamba hewa ile ya kahawia ilitokana na jua kuchoma gesi za magari na viwanda hadi zikageuka sumu nyingine. Kwa hiyo leo neno hili hubeba hali mbili tofauti, na moja kati yake haina ukungu hata tone. Ukilitafsiri "moshi na ukungu" katika habari ya Los Angeles, umepotosha kemia yote.

"Electrocute" nalo liwe mezani kwako. Liliundwa mwaka 1889 Marekani, "electro" na "execute", New York ilipokuwa ikijiandaa kuwaua wahalifu kwa umeme badala ya kamba. William Kemmler alikuwa wa kwanza, Agosti 1890. Ndani ya neno hili kuna kifo. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiingereza kwamba jana alikuwa "electrocuted" akigusa pasi, anamshangaza mwalimu, kwa sababu aliye hai alipigwa shoti tu. Kamusi nyingine siku hizi zinaruhusu litumike hata kwa aliyejeruhiwa, lakini mimi bado nalihifadhi kwa marehemu, na ningekushauri ufanye vivyo hivyo unapoandika habari.

Kuhusu adabu ya mahali, kwa kifupi: "smog", "motel" na "stagflation" unaweza kuyaandika kwenye ripoti ya serikali. "Hangry", hasira ya njaa, na "ginormous", kubwa mno, ni ya baraza na simu. Usiyapeleke kwenye barua ya kuomba kazi.

Hatua ya nane: Lirudishe kwenye Kiswahili

Sasa mkia unakuwa mwanzo. Ulichokishika mwisho wa neno la Kiingereza ndicho unachokitanguliza: semina ya mtandaoni, kambi ya kifahari, kokteli isiyo na pombe, tangazo la biashara lenye sura ya kipindi. Hivi ndivyo tulivyouandika ukurasa ule wa yule kijana, na alipousoma kwa sauti haukukwama.

Jihadhari tu kwamba neno la mkiani linaweza kuwa na ndugu mwenye jina lilelile kwetu na maana nyingine. "Hotel" ya Kiingereza ni mahali pa kulala. "Hoteli" ya mtaani kwetu mara nyingi ni mahali pa kula wali na maharage. Ukisema "hoteli ya wenye magari", dereva wa lori atafikiria sahani. "Gesti ya wasafiri wa magari" inamfikisha kitandani.

Kabla ya kuunda neno lako mwenyewe, tazama Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA na ile ya Kiswahili Sanifu, kwa sababu huenda kazi imekwisha kufanywa. Kisha sikiliza watu. "Tarakilishi", mseto wa tarakimu na akili, linafundishwa shuleni Kenya na ni neno lililofikiriwa vizuri, lakini fundi wa mtaani anatengeneza kompyuta. "Chajio" limo vitabuni, na jioni mama bado anaita watu waje wale chakula cha usiku. Unapoandikia gazeti au redio, chukua neno linalosemwa.

Kwa yale ya washirika sawa, eleza mara ya kwanza kwa kirefu, kisha tumia mkopo. "Stagflation" ni mfumuko wa bei katika uchumi uliodorora. "Brunch" nililiandika, mara ya mwisho lilipopita mezani kwangu, "mlo wa saa tano unaounganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana", na kwenye aya zilizofuata nikaandika "branchi". Mhariri alipendekeza "chai ya saa nne". Ingekuwa fupi na tamu, lakini anayekunywa chai ya saa nne bado anasubiri chakula cha mchana.